Weka Jini Tu, Dada

Umeme ulikatika saa saba na robo usiku, nikiwa katikati ya sentensi. Kompyuta ilikuwa na asilimia 31 ya chaji, kwa hiyo sikusimama. Nilifungua dirisha, joto likaingia pamoja na mbu wake, nikarudi kwenye ukurasa wa 19 wa kazi niliyoahidi kuikabidhi Ijumaa: hekaya za kale za Kijerumani, zitafsiriwe kwa watoto wa darasa la nne hadi la sita.

Sentensi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mkulima mmoja alikuwa na Kobold nyumbani kwake, na alikuwa amemchoka.

Mkulima ninaye. Nyumba ninayo. Kuchoka ninako kwingi. Kobold sina.

Niliacha nafasi nyeupe nikaendelea, nikakutana naye tena mistari mitatu chini. Ukurasa wa 20 alikuwapo mara saba. Betri ilipofika asilimia 9 nilikuwa na ukurasa uliotoboka kama neti ya zamani. Nikamwandikia mhariri nikaenda kulala. Asubuhi jibu lilikuwa limeshafika:

"Weka jini tu, dada. Watoto wanalijua."

Hiyo ni wiki tano zilizopita. Ijumaa ile ilikuja ikaenda, na wenzake wakafuata.

## Majina niliyoyajaribu

Jini halikukaa. Jini wa kwetu ana kabila, ana dini, na ana anachokitaka: ubani, marashi, halua, pengine ngoma ya usiku kucha. Anampanda mtu kichwani, ndugu wanatafuta fundi wa kuzungumza naye. Kobold hampandi mtu. Anapanda darini, au anajibanza nyuma ya jiko. Anaosha vyombo, anachota maji, anapasua kuni, anawasugua farasi. Wenyeji wanaamka wanakuta kazi imekwisha. Malipo yake ni bakuli moja la uji au maziwa, liwekwe mahali palepale, kila siku. Ukilisahau, au ukimcheka, ndipo utakapomjua.

Zimwi nililitupa haraka, ingawa methali yake haikunitoka: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kibwengo ni wa kuwatishia watoto wasizurure usiku. Sijasikia nyumba inayompakulia. Mzimu ndio ulionipa shida zaidi.

Kuna hekaya moja, mhariri ameikata na sikumlaumu, ya msichana wa kazi aliyezoea kupiga soga na Kobold bila kumwona. Akambembeleza ajionyeshe. Kobold akakataa, akakataa, mwisho akamwambia basi twende huko chini kwenye ghala. Msichana aliposhuka aliona pipa, na ndani ya pipa mtoto mchanga aliyekufa akielea katika damu yake. Miaka mingi nyuma alikuwa amezaa kwa siri, akamuua mtoto, akamficha kwenye pipa.

Niliisoma mara mbili, nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu sana.

Kwa hiyo wapo Makobold ambao ni roho za waliouawa ndani ya nyumba ileile. Lakini ni wachache, na wengine wote wangelikataa jina la mzimu. Hawakufa. Wapo tu, kama panya walivyopo.

Kisha siku moja, kwenye daladala, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, likanijia neno ambalo nilishangaa halikuja mwanzo. Msukule! Anafanya kazi usiku. Haonekani. Analima shamba la mtu, asubuhi majirani wanajiuliza jembe lilishikwa na nani. Nilikaribia kumwambia konda anishushe hapohapo niandike.

Jioni nilikuwa nimeshalikataa. Msukule alichukuliwa. Hakuna aliyemuuliza, ulimi wanasema amekatwa, na chakula chake ni pumba. Kobold ana makubaliano. Anaweza kugoma, kutukana, kuhama, na, lililo baya kuliko yote, kukataa kuhama.

(Ana ndugu yake huko kaskazini na mashariki mwa Ujerumani, Drak, anayeruka usiku kama ulimi wa moto na kuingilia kwenye bomba la moshi akiwa amebeba nafaka na fedha za majirani. Huyo hakunisumbua hata dakika moja. Huyo ni chuma ulete.)

Yule mkulima wa ukurasa wa 19, kwa mfano. Alijaribu kila njia ya kumtoa Kobold wake, zikashindikana zote. Akaamua kuichoma ghala ambamo Kobold alikuwa akikaa. Akatoa majani yote nje, akapakia vitu vyake, na safari ya mwisho ya mkokoteni ilipoondoka akaifungia roho ndani na kuwasha moto. Ghala ilipokuwa inawaka vizuri akageuka kutazama. Kobold alikuwa amekaa nyuma ya mkokoteni, ametulia, akimwambia: ilikuwa wakati kweli wa sisi kutoka humo.

Sisi! Neno hilo moja ndilo hekaya nzima, na hakuna jini wa kwetu ninayemjua anayelisema.

Wengi wa wanaofuatilia asili ya maneno huona kwamba *Kobold* limeunganishwa kutoka neno la kale la chumba au kibanda na neno la kutawala. Yaani mwenye nyumba. Nililifurahia kwa nusu saa, mpaka nilipokumbuka kwamba hapa Dar mwenye nyumba ni mtu mwingine kabisa, na hatulizwi na bakuli la maziwa.

## Kitanda chenye kibonde

Nikaacha kutafuta neno, nikaanza kumtafuta mwenyewe. Niliyekaa naye muda mrefu zaidi anaitwa Hinzelmann.

Alianza kusikika mwaka 1584 katika ngome ya Hudemühlen, kandokando ya mto Aller, kaskazini mwa Ujerumani. Mwanzo ilikuwa kugonga na kelele. Baadaye akaongea, mchana kweupe, kwa sauti laini kama ya mtoto. Watumishi wakaogopa, wakazoea, wakaanza kumjibu. Usiku alifanya kazi jikoni, na waliolegea aliwakaripia. Mchungaji mmoja aitwaye Feldmann aliandika habari zake kwa urefu, kitabu kikatoka mwaka 1704, na ndugu wawili Grimm wakamweka katika mkusanyo wao wa hekaya za Wajerumani, uliochapwa kati ya 1816 na 1818.

Mwenye ngome hakupenda. Akaona bora aondoke kwa muda, akapanda gari la farasi kuelekea Hannover. Njiani wakaona unyoya mweupe ukipepea kando ya gari, hawakujua ni nini. Huko Hannover cheni yake ya dhahabu ikapotea, akawashuku watumishi wa nyumba ya wageni, wenye nyumba wakakasirika. Bwana amekaa na fadhaa yake, akasikia sauti ubavuni: mbona una huzuni? Cheni iko chini ya mto wako. Ndipo akaelewa ule unyoya ulikuwa nani. Hinzelmann akamwambia wazi kwamba kumkimbia ni kazi bure, popote atakapokwenda watakuwa wote. Bwana akarudi nyumbani.

Na hapa ndipo makubaliano yalipoanza. Walimpa chumba juu ghorofani. Wakamwekea kiti, meza, na kitanda. Kila siku jikoni walimwandalia bakuli la maziwa matamu yenye vipande vya mkate mweupe, na bakuli lilirudi limelambwa likang'aa. Kitandani hakuna aliyewahi kumkuta. Walichokiona asubuhi ni kibonde kidogo tu, kama paka amelala hapo.

Kibonde hicho kilinikaa kichwani siku nyingi. Mtu anakuosheni vyombo, anakulindieni nyumba, anajua siri zenu zote, na ushahidi pekee kwamba ana mwili ni mahali alipolalia.

Walimletea mtu wa kumtoa kwa maneno matakatifu. Hinzelmann akamnyang'anya kitabu, akakichana vipande vikatawanyika chumba kizima. Alikuwa akisisitiza kwamba yeye ni Mkristo kama wao, asichanganywe na mashetani. Mwaka 1588 akaondoka mwenyewe, kwa hiari yake, akamwachia bwana zawadi tatu: msalaba mdogo wa hariri iliyosukwa, kofia ya majani makavu, na glavu iliyotariziwa lulu. Zikikaa pamoja, alisema, ukoo utastawi.

Msomaji mwenye shaka atauliza maziwa alikuwa akinywa nani. Nilimsomea mpwa wangu sehemu hiyo, ana miaka kumi na miwili, na hakusubiri hata nimalize.

"Mamdogo, si wale wa jikoni?"

Sikumjibu. Mimi mwenyewe nilichukua siku tatu kufika hapo, na shahada yangu.

Lakini hata ikiwa ni wale wa jikoni, jambo halipungui, linaongezeka. Fikiria msichana wa kazi mwaka 1585, katika ngome ya watu. Akivunja kikombe, ni Hinzelmann. Bwana akisemwa vibaya gizani, sauti ni ya Hinzelmann. Na kila jioni, kwa amri ya mabwana wenyewe, linatengwa bakuli la maziwa na mkate mweupe ambalo hakuna anayeruhusiwa kuuliza linaliwa na nani.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema nikiwa mimi ningemlinda Hinzelmann kwa nguvu zangu zote.

## Nguo mpya

Hadithi ya fundi viatu wengi wameisoma mahali: maskini, ngozi imebaki ya jozi moja tu, anaikata jioni, asubuhi anakuta viatu vimeshonwa havina kosa hata la mshono mmoja. Hivyo hivyo kila usiku mpaka anatajirika. Karibu na Krismasi yeye na mkewe wanajificha kuchungulia, wanaona vijitu viwili vitupu, havina nguo, vikigonga na kushona. Mke anasema wametutajirisha na baridi hii wanatembea uchi. Anawashonea shati, koti, fulana, suruali na soksi. Mume anaongeza viatu. Wale wadogo wanavaa, wanacheza, wanaruka juu ya viti, wanatoka mlangoni.

Hawarudi tena.

Wapo wenzao wa mji wa Köln, Heinzelmännchen, waliokuwa wakimaliza usiku kazi za seremala, mwoka mikate, mchinjaji na fundi cherehani. August Kopisch aliwatungia shairi mwaka 1836, na chemchemi ya kuwakumbuka imesimama karibu na kanisa kuu la Köln tangu 1899. Hao waliondoka kwa hasira: mke wa fundi cherehani alitaka kuwaona, akamwaga njegere kwenye ngazi, wakateleza na kuanguka. Hiyo naielewa. Umenivunjia heshima, naondoka. Kila mtu anaielewa.

Ya nguo ndiyo sikuielewa. Kwa nini wema uwafukuze? Wataalamu wana maelezo yao: zawadi imekuwa mshahara, na mshahara umefunga hesabu, au roho imeona imetukanwa kwa kulipwa. Nilisoma yote hayo nikitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Moyoni sikukubali.

Nyumbani kwetu, nilipokuwa darasa la tano, kulikuwa na dada. Aliamka saa kumi alfajiri. Nikiamka mimi uji umeiva, uwanja umefagiwa, ndoo zimejaa, sare yangu imenyooshwa na bado ina joto la pasi ya mkaa. Sikumbuki kumwona akifanya hata kimoja. Alilala kwenye godoro chumba cha stoo, na mchana godoro lilikunjwa kwa hiyo hata kibonde hakikuonekana. Chakula chake kilibaki kwenye sufuria, kimefunikwa na sahani.

Desemba 1999 mama alimnunulia kitenge kipya, akamshonesha gauni, akamnunulia na viatu, akampa nauli ya kwenda kwao kula Krismasi.

Hakurudi.

Najua unacheka, kwa sababu kwenu pia alikuwapo, na yeye pia hakurudi Januari. Ni kitu cha kawaida kiasi kwamba tumekifanya mzaha. Mama alilalamika mwezi mzima: nimemvalisha, nimemtunza, ona shukrani yake. Na mimi nilimwamini mama, kwa miaka ishirini na kitu, mpaka nilipofika kwenye vile vijitu viwili vikicheza juu ya viti.

## Anayeonekana akifanya kazi

Kuna Kobold wa pili, na huyu ndiye aliyenichelewesha wiki mbili za mwisho. Anakaa migodini.

Safu ya milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Saksonia ya Ujerumani na Bohemia, Cheki ya leo, ilikuwa na fedha nyingi hata ikabadilisha mifuko ya dunia. Bonde la Joachimsthal lilitoa sarafu kubwa za fedha kuanzia miaka ya 1520. Zikaitwa Joachimsthaler, kwa kifupi *Thaler*, na kutoka hapo likaja neno dola. Dola kwetu ikazaa dala, sarafu ya shilingi tano, na wengi husema dala hiyo ndiyo iliyoyapa jina madaladala. Kwa hiyo siku ile nimesimama kwa mguu mmoja nikimfikiria msukule, nilikuwa ndani ya bonde la wachimbaji wa Kijerumani bila kujua. Sikupanga hivyo. Maneno yana vituko vyake.

Mwaka 1527 mji huo wa Joachimsthal ulipata daktari aitwaye Georgius Agricola. Alitibu wachimbaji, akawasikiliza, akaandika. Kitabu chake kikubwa cha uchimbaji kilitoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na kwa karibu karne mbili ndicho kilichosomwa. Miaka saba kabla yake alikuwa ametoa kingine kidogo, juu ya viumbe wa chini ya ardhi, na humo, baada ya wanyama wanaochimba mashimo, akawaweka wakazi wengine wa mgodini. Hakuwacheka. Aliwaorodhesha.

Wapo wakali, alisema. Huko Annaberg, katika mgodi ulioitwa Taji la Waridi, mmoja mwenye umbo la farasi mwenye shingo ndefu aliua wachimbaji zaidi ya 12 kwa pumzi yake tu, na mgodi ukaachwa ingawa ulikuwa na fedha tele. Kwa pumzi yake. Mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za watu walioshuka shimoni mmoja baada ya mwingine kumwokoa mwenzao, wasitoke, anajua pumzi hiyo.

Na wapo wapole. Urefu wao kama futi mbili, sura za wazee, mavazi ya wachimbaji. Wanachimba, wanajaza ndoo, wanazungusha mashine ya kuvutia mizigo, wanahangaika huku na huko. Halafu Agricola anaandika kitu ambacho kilinifanya niinuke kitini: hawafanyi chochote. Wanaonekana wakishughulika na hakuna kazi inayotoka. Mara nyingine wanarusha vijiwe, wala haviumizi sana, isipokuwa umewacheka au kuwatukana kwanza.

Yule wa nyumbani anafanya kazi na haonekani. Huyu wa mgodini anaonekana akifanya kazi, na kazi haipo.

Wachimbaji wa huko walikuwa na mawe ya namna hiyo pia. Mazito, yanang'aa, yamekaa palepale ambapo fedha hukaa. Unayavunja kwa jasho, unayapandisha, unayatia tanuruni, na fedha haitoki. Kinachotoka ni moshi wa arseniki. Mikono inapata vidonda, vifua vinabana. Wakasema Kobold ameiba fedha akaacha takataka zake, wakayaita mawe hayo kwa jina lake. Mengine yalikuwa na wekundu wa shaba na hayakutoa shaba. Hayo wakayaita *Kupfernickel*, shaba ya Nickel, naye Nickel ni mtukutu wa ukoo uleule. Miaka ya 1730 Msweden Georg Brandt akaonyesha kwamba ndani ya yale ya kwanza kuna metali ambayo haikuwa inajulikana, ndiyo inayotia kioo rangi ya buluu. Mwaka 1751 mwenzake Axel Fredrik Cronstedt akaipata metali ya yale ya pili. Nikeli. Na kobalti.

Nilikuwa nimelisoma jina hilo kwenye jedwali la kemia kidato cha pili. Namba 27. Nililikariri kati ya chuma na nikeli, nikapata alama zangu, nikalisahau.

## Asilimia 31

Mtaani kwetu kuna mama anayeuza vitenge, mzaliwa wa Kolwezi. Nilikwenda kwake kwa jambo jingine kabisa, pazia, lakini kwa wiki hizi sikuwa na mazungumzo mengine. Nikamwambia, mama, unajua kobalti ni jina la shetani?

Kolwezi iko kusini mwa Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Kaka zake wawili wamewahi kushuka mashimoni na sululu na magunia, wale wanaoitwa kule *creuseurs*. Hakushtuka. Alikuwa anakunja kitenge, akaendelea kukunja.

"Njo maana," akasema. "Inakulaka batu."

Ndiyo maana. Inakula watu.

Ningependa kusema nilipata neno la busara la kumjibu. Nilinunua pazia.

Usiku huo nikaigeuza kompyuta yangu juu chini, nikaitazama betri kana kwamba kuna kitu cha kuona. Betri za lithiamu kama hizi, za kompyuta na simu, nyingi zina kobalti ndani. Umeme ulipokatika ule usiku wa kwanza, kilichoendelea kunifanyia kazi gizani, kimya, bila kuonekana, mpaka asilimia 9, kilikuwa na jina lilelile nililokuwa nikilitafutia tafsiri. Nami nilikuwa nimeacha nafasi nyeupe.

Najua hatari ya kulinganisha namna hii. Mawe ya Kolwezi si mawe ya Saksonia. Kule ile arseniki siyo inayoogopwa kwanza, ni udongo kuporomoka na vumbi. Na mchimbaji wa Kolwezi si hekaya. Ana mke, ana deni dukani. Lakini mchimbaji wa Saksonia naye hakuwa hekaya. Hekaya ndiyo iliyobaki baada yake.

## Mjusi

Nilipomwambia mpwa wangu kwamba neno linalonisumbua ni Kobold, alinitazama kwa huruma.

"Mamdogo, huyo namjua. Ni mjusi."

Akanionyesha kwenye simu. Kijoka kifupi chenye magamba, mkuki mkononi, kinatoka pangoni na wenzake kumi. Unamkata, unapata pointi chache, unasonga mbele. Ni wa kuanzia, alinieleza, kabla hujafika kwa wakubwa.

Nilifuatilia. Kuna mchezo wa mezani wa Marekani wa mwaka 1974, mama wa michezo yote ya namna hii, uliomchukua Kobold ukamweka miongoni mwa maadui wadogo. Kwenye picha za mwanzo alikuwa na sura ya mbwa na magamba. Mwaka 2000 wakamfanya ukoo wa majoka kabisa. Walimwachia mgodi. Bado anachimba, bado anatega mitego, bado ni mfupi. Walichokiondoa ni bakuli. Hakuna anayemdai na hakuna anayedaiwa naye, kwa hiyo kumuua hakuna shida.

Wajerumani wenyewe walifanya kinyume. Redio ya Bavaria mwaka 1962 iliwaletea watoto Pumuckl wa Ellis Kaut, kijitu chenye nywele nyekundu kilichonasa kwenye chombo cha gundi cha seremala wa München. Ameonekana, basi kwa sheria ya Makobold lazima akae na aliyemwona. Anavunja, anaficha vitu, anataka kitanda chake. Huyo Hinzelmann angemtambua kama mjukuu.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaua wengine wanne.

## Ukurasa wa 41

Neno nililoamua ni koboldi. Herufi moja ya Kiswahili mwishoni na ngeli ya watu: koboldi alikuja, makoboldi walikuja. Watoto watamjua kwa matendo yake, kama walivyomjua sungura. Mhariri amekubali, ila kwenye jalada anataka pabaki "majini". Nimemwachia jalada.

Kilichobaki kilikuwa wimbo wa wale wadogo wa fundi viatu, mistari miwili, wanayoiimba wakishavaa. Kwa Kijerumani wanasema hivi: si vijana nadhifu na wazuri sisi? Basi mambo ya kushona viatu ya nini tena? Nilikuwa nimeupita mara nne. Hauna hasira ndani yake. Hauna hata neno moja kuhusu fundi.

Jumapili nikampigia mama. Nilimuuliza kama anakumbuka kitenge cha yule dada. Anakumbuka: cha njano, maua ya buluu, alikitoa Kariakoo, hata bei. Nikamuuliza alikuwa anatoka kijiji gani. Akanyamaza kidogo. Singida, alidhani, au labda Manyoni.

"Nilikwenda mwenyewe kumsindikiza stendi," akasema. "Nikachelewa kwenye foleni ya tiketi. Kurudi, nampita mara mbili simtambui. Alipendeza, mwanangu. Amekaa juu ya begi lake, kanyoosha shingo, kama mtu na watu wake."

Nikarudi mezani. Umeme ulikuwapo. Nikaandika:

*Tazameni tumevaa, vijana tumependeza;*
*kwa nini tena kukaa, kushona tumemaliza.*